Ng'ambo, jirani au nyumbani: idara ya ardhi nchini Uganda ianze kushirikiana na chuo gani?

Kwenye kabati la ofisi ya idara yetu ya usimamizi wa ardhi hapa chuoni kuna faili la kijani lenye hati sita za makubaliano na vyuo vikuu vingine. Zote zina sahihi na mihuri, na mbili zimebandikwa hata picha za siku ya kutia sahihi. Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo nilizipitia moja moja nikitafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa tatu. Nne kati yake hazijawahi kumsafirisha mwanafunzi hata mmoja, hazijamleta mhadhiri, wala hazijazaa somo lolote la pamoja. Zile mbili zilizofanya kazi zilitanguliwa na jambo moja: walimu wa pande zote mbili walikuwa tayari wanafundisha pamoja kabla wakuu hawajaketi mezani.

Wenzangu wa vyuo vya Kampala, Gulu na Mbarara huniuliza swali lile lile kila tunapokutana. Tuna nguvu za kulea ushirikiano mmoja tu kwa sasa, tuanze na nani? Ni swali la kweli. Idara yenye wahadhiri wanane, kila mmoja akiwa na mzigo wake wa madarasa na mitihani, haiwezi kulea mashirikiano matano. Kwa hiyo naweka hapa njia tatu ninazozifahamu, ubavu kwa ubavu: chuo cha ng'ambo, chuo cha nchi jirani, na chuo dada cha hapa hapa Uganda. Nitaonyesha pia mimi naegemea wapi, na kwa nini.

Kwanza, tunamwandaa nani?

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia, nayo humilikiwa kwa njia nne: kimila, milki huru, mailo (ardhi ya hati ya Buganda ambayo juu yake mara nyingi wanakaa wakulima wengine), na milki ya kukodi kwa muda. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikafafanua haki za kila upande. Maana yake ni kwamba kijana anayemaliza shahada ya usimamizi wa ardhi anaweza Jumatatu kuwa Mukono kwenye kipande cha mailo chenye bibanja arobaini juu yake, yaani mashamba ya wakulima wasio na hati, na Alhamisi akawa Nwoya, kaskazini, ambako ardhi ni ya ukoo, mpaka ni mti wa mwembe, na hakuna karatasi yoyote.

Mimi napima kila ushirikiano kwa kijana huyo. Akisimama mpakani, kulia familia moja na kushoto nyingine, hakuna anayemsalimia mwenzake, je, tulichokipata kwa mshirika wetu kitamsaidia afanye kazi yake vizuri? Vipimo vingine vyote, pesa, majengo, jina kubwa, vinakuja baada ya hicho.

Chuo cha ng'ambo

Sitaki mtu afikiri nadharau njia hii. Wahadhiri wengi wa ardhi katika ukanda wetu walipata shahada zao za uzamili na uzamivu huko. ITC ya Enschede, Uholanzi, ilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili hasa ya kuwafundisha watu wa nchi kama zetu kazi ya ramani, na tangu 2010 ni kitivo cha Chuo Kikuu cha Twente. Munich nako wana shahada ya uzamili ya usimamizi wa ardhi ambayo Waafrika wengi wamepitia. Maktaba zao, maabara zao, na wasimamizi waliozoea kumwongoza mtafiti hadi andiko lake linachapishwa ni mambo ambayo bado hatuyapati kwa wepesi huku.

Tena kuna maarifa yaliyotokana na uhusiano huo ambayo yanatufaa sana. Kwa mfano ule mfumo wa STDM, unaorekodi uhusiano wa mtu na ardhi hata kama hana hati, uliandaliwa na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na washirika wake, ITC ikiwemo. Ulijaribiwa Mbale, na wakazi wa mitaa ya mabanda wakahesabu nyumba zao na kujichorea ramani wenyewe. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za ardhi, ISO 19152, kilitoka mwaka 2012, na kila mwanafunzi wetu anapaswa kukijua. Mambo haya hayafundishiki vizuri ukiwa umejifungia peke yako.

Shida inaanzia kwenye muda. Mradi wa ng'ambo mara nyingi una umri wa miaka mitatu au minne. Mwaka wa kwanza unakwisha kwenye ununuzi na taratibu za benki, wa mwisho unakwisha kwenye ripoti. Kinachobaki katikati ni mihula miwili hadi minne ya kazi halisi.

Miaka kadhaa iliyopita mshirika mmoja wa ng'ambo alitupatia vipokezi viwili vya setilaiti vya kupimia na leseni kumi za programu ya ramani. Tulifurahi mno. Tukaandika mwongozo mzima wa mazoezi kwa kufuata programu ile, kitufe kwa kitufe. Leseni zikaisha mwezi ule ule mradi ulipofungwa. Asubuhi ya mtihani wa vitendo tuliwasha kompyuta kumi, zote kumi zikaleta ujumbe mmoja mwekundu, na wanafunzi wakakaa mikono mapajani wakinitazama. Kuhamia QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, kulituchukua wiki mbili. Kuandika upya mwongozo kulituchukua mwaka. Mpaka leo, kabla ya kupokea chombo chochote, nauliza nani atakilipia siku mradi ukifungwa, na nataka jibu liwe kwenye maandishi.

Jambo la pili ni takwimu za shambani. Mwanafunzi anapopima kijiji, hakusanyi namba tu. Anakusanya majina ya watu, mipaka yao, migogoro yao, picha zilizopigwa kutoka angani juu ya nyua zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Takwimu na Faragha ya 2019, lakini hati za ushirikiano nilizoziona nyingi haziigusi. Mzee wa kijiji tulichokipima aliwahi kuniuliza ramani yao iko wapi. Ilikuwa kwenye kompyuta ya watu walio mbali sana, nami sikuwa hata na nakala. Niliona aibu mbele ya mzee yule, na bado naiona.

Halafu kuna safari. Wanafunzi wao wanakuja kwetu kila kiangazi chao, wanakaa wiki sita, wanarudi na data. Wa kwetu mmoja anahangaika na viza kwa miezi, na wakati mwingine anaipata muhula ukiwa umeshaanza. Ushirikiano wa namna hiyo una mlango mmoja tu.

Chuo cha jirani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia tunayoipuuza na ndiyo yenye utajiri.

Anza na umbali. Kutoka mpaka wa Cyanika, karibu na Kisoro, hadi Musanze, Rwanda, kilipo chuo cha INES-Ruhengeri, ni chini ya saa moja kwa gari. Nairobi na Kigali ni safari ya basi ya usiku mmoja kutoka Kampala. Mganda anaingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Tanzania inahitaji pasipoti, basi waandae wanafunzi mapema, maana foleni ya pasipoti imewahi kutuangushia safari nzima.

Anza tena na sheria, na hapo ndipo mwanafunzi anapofunguka macho. Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zimekipa kijiji mamlaka ambayo kijiji cha Uganda hakina. Kenya, kwa Katiba ya 2010, inagawa ardhi kuwa ya umma, ya binafsi na ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata mwaka 2016. Rwanda ilifanya jambo ambalo sisi hatujathubutu: kati ya 2009 na 2013 ilipima na kusajili nchi nzima, vipande zaidi ya milioni kumi, kwa kuchapisha picha za angani na kuwafundisha vijana wa pale pale kijijani kuchora mipaka juu ya picha hizo, majirani wakishuhudia. Sisi kwa sehemu kubwa tunasajili kipande kimoja kimoja, kadiri mwenye nacho anavyoweza kulipa. Mwanafunzi akisoma habari hizi darasani ataziweka kwenye mtihani na kuzisahau. Akizungumza na mama wa Musanze aliyeshika hati yake mkononi, hatasahau.

Tuliwahi kuwapokea wanafunzi kutoka Tanzania kwa mafunzo ya shambani. Tulikuwa kwenye shamba la migomba na kahawa upande wa Masaka, kwenye ardhi ya mailo. Binti mmoja aliyekulia Kilimanjaro alisimama ghafla mbele ya mmea mrefu wenye majani membamba ya kijani, uliopandwa mstari mmoja hadi kwenye njia. "Hili ni sale," akasema. Mwenye shamba akamwambia kwa Kiganda, "Oluwaanyi." Mmea mmoja, majina mawili, kazi ile ile: anayeung'oa amegusa mpaka. Kwao wanaita shamba la ukoo kihamba, huku mwenyeji wetu anakiita kibanja. Walikaa chini ya mgomba na daftari zao, na kwa karibu saa nzima sikuwa na haja ya kufundisha.

Kisha binti akauliza swali ambalo wa kwetu hawaliulizi kwa sababu wamelizoea: inakuwaje watu wawili wana haki juu ya shamba moja? Ikabidi wanafunzi wangu waeleze. Kwamba mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, uliowapa Kabaka (mfalme wa Buganda), watawala na machifu maelfu ya maili za mraba ambazo tayari zilikuwa na watu. Kwamba sheria ya busuulu na envujjo (kodi ya ardhi na ushuru wa mazao) ya 1928 ikaweka kikomo cha kodi na kumlinda mkulima asifukuzwe ovyo. Kwamba Sheria ya 1998 inamlinda pia aliyekaa kwenye ardhi miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye hati kumpinga. Walikwama mara mbili, wakasahihishana, wakafungua simu kutafuta vifungu. Sijawahi kuwaona wakijifunza mailo vizuri namna ile.

Lugha nayo. Hapa Uganda Kiswahili bado kinatutia kigugumizi, japo Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005 na Baraza la Mawaziri likakipitisha tena mwaka 2022. Lakini wanafunzi wa Kampala, Dar es Salaam na Nairobi wakiwa shambani, ndicho kinachowaunganisha na wazee wa mpakani, madereva, askari wastaafu na wafanyabiashara wa sokoni. Istilahi za kazi yetu zinajengeka pale pale: mpaka, hati, mthamini, jiwe la mpaka, mrithi.

Kwa upande wa mtandao, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, ndicho kitovu cha Afrika Mashariki cha NELGA, mtandao wa vyuo wa utawala wa ardhi barani Afrika. Upo pia EALAN, unaoviunganisha vyuo vya ardhi vya ukanda huu, na Chuo Kikuu cha Bahir Dar cha Ethiopia kimo. Mtandao unasaidia kupata majina ya watu, mitaala ya kulinganisha, na wakati mwingine ufadhili. Hauwezi kukufanyia kazi ya kupanga wiki mbili za shambani. Hiyo ni ya walimu wawili wanaopigiana simu.

Kasoro za njia hii zipo. Hakuna upande wenye fedha nyingi, kwa hiyo yeyote akichelewa kutoa sehemu yake, safari inakufa. Kalenda hazilingani: sisi mwaka unaanza Agosti, Tanzania ni karibu Oktoba au Novemba. Na utambuzi wa alama za mwanafunzi aliyesoma somo kwingine bado unategemea moyo wa msajili, ingawa tuna mfumo wa sifa za elimu ya juu wa Afrika Mashariki tangu 2015 na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki liko hapa hapa Kampala. Mlango huo nenda ukaubishe mapema. Ukisubiri mwanafunzi arudi na alama ambazo mfumo wa chuo haumjui aliyezitoa, umemkosea.

Chuo dada cha nyumbani

Hii wanaiacha kwa sababu haina safari ya ndege wala posho ya nje. Nafikiri ni kosa kubwa.

Makerere ina idara ya jiomatiki (sayansi ya vipimo na ramani) na usimamizi wa ardhi. Kyambogo inafundisha upimaji na uchumi wa ardhi. Entebbe kuna taasisi ya upimaji na usimamizi wa ardhi, jirani na idara ya serikali ya upimaji na ramani, na mafundi wake wana mikono ambayo wahadhiri wengi hatuna. Gulu kuna taasisi ya amani ambayo kwa miaka imekaa na migogoro ya ardhi ya kaskazini. Vita vya waasi wa LRA viliwaweka watu kambini miaka mingi. Waliporudi baada ya 2006, wazee wengi waliojua mipaka walikuwa wameshazikwa kambini, na vijana waliozaliwa huko hawakujua shamba la babu linaishia wapi. Mwanafunzi wa Kampala anayejua kila kitu kuhusu setilaiti anaweza kupata jawabu sahihi hadi sentimita na bado akachochea ugomvi, kwa sababu hakujua ni nani anapaswa kuketi kwanza kwenye kikao cha ukoo. Mtu wa Gulu anamfundisha hilo kwa siku tatu.

Faida nyingine ni za kiofisi, nazo ni nzito. Mnasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lile lile. Wahitimu wenu watakwenda kwenye bodi ile ile ya kusajili wapima ardhi. Sheria ni moja, kalenda ni moja, na hakuna viza. Idara moja ina mthamini mzuri lakini haina mtu wa picha za anga, nyingine ni kinyume chake. Wanaweza kubadilishana masomo kwa muhula mmoja bila shilingi ya mfadhili. Mnaweza kuwa watahini wa nje wa kila mmoja, na kukodishana vipokezi badala ya kila idara kununua vyake viwili vya kukaa kwenye sanduku.

Kikwazo ni fahari. Tunagombea wanafunzi wale wale, na kila mkuu wa idara anaogopa kuonekana kwamba kuna kitu hana. Niliwahi kumwomba mwenzangu wa chuo kingine atukopeshe mwalimu wa uthamini kwa wiki nne, naye akaniuliza bosi wake ataelewa vipi. Tulichukua miezi minane kupata jibu. Tulipolipata, darasa lilijaa hadi dirishani.

Basi uchague vipi?

Kama idara yako ni changa, iko nje ya Kampala, ina shahada ya kwanza tu na walimu wachache, anza nyumbani bila kusita. Utapata mwalimu unayemkosa kabla ya mwaka kwisha, na utajifunza kuendesha ushirikiano mahali ambapo makosa yanarekebishika kwa simu.

Kama una shahada ya uzamili au unaandika upya mtaala, nenda kwa jirani. Hakuna kinachomfundisha mtu sheria yake kama kumweleza mtu wa nchi nyingine. Kama unatafuta kitu cha kujifunza kwao, nenda Rwanda kwa usajili wa jumla, nenda Tanzania kwa ardhi ya vijiji, nenda Kenya kwa ardhi ya jamii. Usiende kwa sababu ya jina la chuo.

Kama pengo lako ni walimu wenye uzamivu, ng'ambo bado ni njia ya haraka, lakini weka masharti. Mwalimu asome kule miezi, utafiti aufanye hapa, na msimamizi wa pili awe wa chuo chenu. Programu ziwe za bure au leseni idumu baada ya mradi. Nakala ya takwimu zote za vijiji ibaki Uganda, na kila kijiji kipewe ramani yake iliyochapishwa kwenye karatasi, maana mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, hana haja ya kiungo cha intaneti. Mshirika mwema atakubali yote haya. Asiyekubali amekuokolea miaka minne.

Mimi binafsi, ningepewa idara mpya kesho, ningeanza na chuo dada muhula wa kwanza na jirani mwaka wa pili. Ng'ambo ningewaandikia mwaka wa tatu, nikiwa tayari na kitu cha kuwaonyesha, ili tukutane kama watu wawili wenye kazi.

Na popote utakapoanzia, usianze na hati. Muhula wetu wa mapumziko unaangukia Juni na Julai, mvua ndefu za Buganda zimepungua, na Tanzania kufikia Julai wanafunzi wao wako kwenye mafunzo kwa vitendo. Mpigie mwalimu mmoja wa upande wa pili. Kubalianeni kijiji kimoja, wanafunzi kumi na wawili kwa kumi na wawili, wiki mbili, karatasi moja ya maswali na alama mtakazozitoa pamoja. Mwandikieni ofisa ardhi wa wilaya na mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya eneo mapema, na siku ya mwisho rudini kijijini kuwasomea wenyeji mlichopata. Barua ya wakuu wa vyuo iandikwe jioni hiyo, ikiwa na majina ya vijana ishirini na wanne waliokwisha kufanya kazi pamoja.